Tusiitetee haki kwa hoja zenye ndoano



Jumapili moja baada ya Adhuhuri, mpwa wangu anayesoma kidato cha nne alinijia sebuleni akiwa na daftari lake la Baiolojia. Alikuwa amekunja pembe ya ukurasa mmoja. Mada iliyoandikwa juu ya ukurasa ule ilikuwa mageuko ya viumbe. "Mjomba," akaniambia, "mtihani ukiuliza asili ya mwanadamu, nijibu ya Nabii Adam au nijibu haya ya mwalimu?"

Nilikuwa na jibu tayari, lile tunalowapa wote. Nikamwambia kuwa mtihani hauulizi unaamini nini, unauliza nadharia inasema nini. Mwanafunzi wa historia anaeleza jinsi Wajerumani walivyojihalalishia kututawala, na kwa kueleza hivyo hawi Mjerumani. Andika kinachosemwa, pata alama zako, kisha twende tukasali. Nilidhani nimemaliza. Kijana akanitazama kwa adabu, kisha akasema: "Hilo nalijua, mjomba. Mimi nauliza ni kweli au si kweli."

Nilikaa kimya. Swali hilo niliwahi kulijibu mbele ya vijana wengi, kwa sauti kubwa na bila kusita, na nikalijibu vibaya. Ndiyo sababu ya makala haya.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2007. Nilipewa darsa ya vijana wa sekondari katika msikiti wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, kila siku baada ya Alasiri. Wanaokumbuka miaka ile watakumbuka jinsi video na vitabu vya Harun Yahya vilivyokuwa vikipita mkono kwa mkono. Picha zilikuwa za kuvutia, sauti ya msimulizi nzito, na ujumbe wake ulikuwa mwepesi: Darwin amekwisha, sayansi yenyewe imemzika, waliobaki kumtetea ni makafiri wasiotaka kusalimu amri. Kwetu sisi tuliosoma mashuleni tukiambiwa tumetokana na nyani, video zile zilikuwa kama maji kwa mwenye kiu. Nikazichukua kama zilivyo, nikawamwagia vijana.

Miongoni mwao alikuwapo mmoja aliyekuwa akikaa mstari wa mbele na mara nyingi akiadhini Magharibi. Sitamtaja jina. Alifaulu vizuri, akaenda chuo kikuu kusoma sayansi za viumbe. Idd el Fitri ya mwaka 2010 akaja nyumbani kunitembelea. Baada ya kula akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko wa shati, picha aliyoichapisha kutoka kitabu kikubwa cha Harun Yahya kiitwacho Atlas of Creation, kilichotoka mwaka 2006 na kutumwa bure kwa wanasayansi na mashule ya Ulaya na Marekani. Kitabu kile kinaweka picha ya kiumbe cha kale kilichogeuka jiwe, na pembeni yake picha ya kiumbe kinachofanana nacho kilicho hai leo, ili kuonesha kuwa hakuna kilichobadilika. Akaniambia, "Ustadh, itazame vizuri picha ya huyu mdudu wa leo."

Nikavaa miwani. Chini ya tumbo la mdudu palikuwa na ndoano.

Haikuwa picha ya mdudu. Ilikuwa picha ya chambo cha kuvulia samaki, kilichotengenezwa kwa mkono na fundi wa Marekani aitwaye Graham Owen, hodari wa kutengeneza vyambo vinavyofanana na wadudu. "Mhadhiri alituonesha darasani," kijana akasema. "Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikaona haya, kwa sababu kitabu hicho nilikipigania."

Nikajaribu kujitetea kwa kisa cha Piltdown, hoja niliyoiona kuwa jiwe langu kubwa. Kisa chenyewe ni cha kweli: mwaka 1912 Waingereza walitangaziwa fuvu la "mtu wa kale" wa Piltdown, na miaka arobaini baadaye ikathibitika kuwa lilikuwa fuvu la mtu lililounganishwa na taya la orangutani, meno yakasuguliwa kwa tupa na mifupa ikapakwa rangi. Kijana akanijibu: "Ni kweli, ulitufundisha. Ila hukutuambia walioufichua uongo ule mwaka 1953 walikuwa nani. Walikuwa wanasayansi wenyewe." Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo halijanitoka kifuani: "Ni kipi kingine ulichotufundisha chenye ndoano, Ustadh? Maana wewe ndiye uliyetufundisha na tauhidi."

Wakati ule alikuwa ameshaacha kuhudhuria Ijumaa.

Nataka msomaji aone vizuri kilichotokea hapo. Darwin hakumtoa yule kijana msikitini, kwa sababu hakuwa amefika msikitini kwetu. Kijana aligundua kuwa mtu aliyemwamini katika jambo kubwa alikuwa hakujali ukweli katika jambo dogo. Akafanya hesabu ambayo mtu yeyote mwenye akili angeifanya.

Kuhusu Harun Yahya mwenyewe, jina lake halisi ni Adnan Oktar, Mturuki. Mahakama ya Istanbul ilimhukumu Januari 2021 kifungo cha zaidi ya miaka 1,000 kwa makosa ya kuongoza genge la uhalifu na ya udhalilishaji wa kijinsia. Hukumu ile ilitenguliwa, kesi ikasikilizwa upya, na Novemba 2022 akahukumiwa miaka 8,658. Silisemi hili ili kuzibatilisha hoja zake kwa sababu ya tabia yake, kwani hoja hupimwa kwa hoja. Nalisema kwa sababu wapo ndugu zetu ambao mpaka leo wanagawa video zake bila kujua yaliyojiri.

Na lipo jambo jingine ambalo wakati ule sikulijua. Mgogoro huu kwa sura tuliyoipokea haukuzaliwa misikitini. Ulizaliwa katika makanisa ya Marekani. Huko Dayton, Tennessee, mwaka 1925 mwalimu John Scopes alipigwa faini ya dola 100 kwa kufundisha kuwa mwanadamu ametokana na viumbe duni. Baadaye wakatokea wanaodai kuwa dunia ina umri wa miaka elfu chache tu, hesabu ambayo mzizi wake ni kazi za watu kama Askofu James Ussher wa Ireland, aliyehesabu vizazi vya Biblia katika karne ya 17 na kufikia mwaka 4004 kabla ya Kristo. Katika miaka ya 1980 Wizara ya Elimu ya Uturuki iliwasiliana na taasisi ya Kikristo ya California iitwayo Institute for Creation Research ili kupata hoja za kumpinga Darwin mashuleni. Kutoka hapo hoja zile zikavishwa kilemba na kusambazwa kwetu. Qur'an haikutaja umri wa dunia hata mahali pamoja. Kwa nini basi tugombane na wataalamu wa miamba kwa ajili ya hesabu ya askofu?

Tukirudi kwenye mafundisho yetu, lipo tukio ambalo kila aliyesoma vitabu vya Hadithi analijua. Katika mwaka wa 10 Hijria alifariki Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume (s.a.w.), na siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema kuwa limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Hebu fikiria nafasi ile ingekuwa na faida gani kwa mtu anayetafuta wafuasi. Angenyamaza tu, imani za watu zingepanda. Lakini Mtume (s.a.w.), naye akiwa na majonzi ya mtoto wake, aliwakatalia. Akawafahamisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu na havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote, kisha akawaelekeza kwenye sala. Hoja ilikuwa inamuunga mkono yeye. Haikuwa ya kweli, akaitupa.

Imamu Ghazali, zaidi ya miaka 900 iliyopita, alilijadili jambo hili hili la kupatwa kwa jua katika utangulizi wa kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa. Alikuwa mpinzani wao mkubwa, lakini akaeleza kuwa yapo mambo yao yaliyothibiti kwa hesabu, na kwamba anayedhani kuyapinga hayo ni kuitetea dini huyo anaikosea dini, kwa sababu aliyeiona hesabu hataitilia shaka hesabu yake, ataitilia shaka dini. Nilikuwa na kitabu hicho rafuni mwaka 2007. Sikukifungua.

Basi nadharia yenyewe inasema nini? Kwanza haisemi kuwa mtu ametokana na nyani hawa tunaowaona Mikumi pembezoni mwa barabara. Inasema kuwa mtu na sokwe wana babu mmoja aliyekwishatoweka zamani, kama binamu wawili wanavyokutana kwa babu bila mmoja kumzaa mwenzake. Anayeuliza "mbona nyani wa leo hawageuki kuwa watu?" anajibu jambo ambalo halikusemwa. Na msingi wake, alioueleza Charles Darwin mwaka 1859, ni huu: viumbe huzaa wengi kuliko watakaoishi, watoto hawafanani sawasawa, na wale ambao tofauti zao zinawafaa katika mazingira yao huishi na kurithisha tofauti hizo. Muda ukiwa mrefu sana, mabadiliko madogo hujilimbikiza.

Sehemu ya kwanza ya nadharia hiyo sote tumeiona kwa macho. Nani aliyekulia nchi hii asiyeikumbuka klorokwini? Vidonge vichungu, miwasho ya usiku kucha, na asubuhi mgonjwa amepona. Mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza ya malaria na kuweka SP, na mwaka 2006 ikaja dawa mseto ya ALu. Kwa nini? Dawa haikuoza. Vimelea vya malaria ndivyo vilivyobadilika. Katika mabilioni ya vimelea ndani ya damu, vichache vilikuwa na hitilafu ndogo katika jeni iliyovifanya visidhurike na klorokwini. Dawa ikaua vingine vyote, vikabaki hivyo, vikazaana, mbu wakavisambaza. Jirani zetu wa Malawi waliiacha klorokwini mwaka 1993. Vimelea sugu vilikuwa na udhaifu wao pale dawa isipokuwepo, vikapungua mwaka hadi mwaka mpaka vikatoweka, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionesha kuwa klorokwini inatibu tena karibu wagonjwa wote waliopewa. Huu ndio uteuzi asilia, na umetokea ndani ya umri wetu. Anayewaambia vijana kuwa viumbe havibadiliki kabisa anawaambia kinyume cha walichokiona zahanati.

Mfano wa pili unauma zaidi, kwa kuwa umo ndani ya nyumba zetu. Ugonjwa wa selimundu unatesa watoto wengi wa Pwani na wa Kanda ya Ziwa. Daktari Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alijiuliza swali rahisi: ugonjwa unaoua watoto hivi kabla hawajazaa, kwa nini haujaisha? Na kwa nini jeni yake imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ambako katika baadhi ya makabila aliikuta kwa zaidi ya watu 20 katika kila 100, ilhali katika nyanda za juu zenye baridi haipo au ni haba? Mwaka 1954 akachapisha jibu. Aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hapati ugonjwa, na malaria haimpati kwa ukali. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Kwa hiyo palipo na mbu jeni hubaki, kwa sababu inawakinga wengi huku ikiwaumiza wachache. Wachumba wanaokwenda kupima damu kabla ya nikaha wananufaika na elimu iliyotokana na maswali ya namna hii. Je, tutasema ni ukafiri?

Hapa nilipofika, msomaji wangu ataniambia: hayo ya vimelea tumekubali, lakini mdudu wa malaria amebaki mdudu wa malaria. Vipi kuhusu mtu? Ni swali la haki, na silikwepi. Baadhi yetu tunapenda kusema hakuna ushahidi wowote. Huko ni kurudi kwenye ndoano. Upo ushahidi, na kijana akifika chuo kikuu atauona. Sokwe ana kromosomu 48, binadamu 46, na moja ya kromosomu zetu ina alama za wazi za kuwa mbili zilizounganishwa. Mbuzi anajitengenezea vitamini C mwilini mwake na haitaji machungwa. Sisi tunayo jeni ya kazi hiyo lakini imeharibika, na sokwe naye imeharibika. Yapo mafuvu na mifupa mingi, na zipo nyayo za Laetoli zilizochimbuliwa mwaka 1978 katika majivu ya volkano yenye umri wa takriban miaka milioni 3.6, za viumbe waliotembea kwa miguu miwili.

Hata hivyo mashule nayo yana makosa yake. Fuvu la Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey pale Olduvai Julai 1959, watoto wetu kwa miaka mingi wamefundishwa kana kwamba ndiye babu yetu. Wataalamu wenyewe walishaacha kusema hivyo zamani. Wanalihesabu kuwa la tawi la pembeni lililotoweka bila kuacha kizazi. Hata jina lake lina ladha yake: Zinj ni neno la wanajiografia wa Kiarabu kwa mwambao huu wetu wa Afrika Mashariki. Mwalimu anayelikariri bila kusoma ameshika ndoano ya upande wa pili.

Sasa msimamo wangu. Kuhusu wanyama na mimea sijaona aya inayoeleza kila aina iliumbwa kwa njia ipi. Qur'an inatufahamisha katika Suratul Anbiyaa na Suratun Nur kuwa viumbe hai wametokana na maji, na katika Suratul Ankabut inatuamrisha kutembea ardhini tuone jinsi Allah (S.W.) alivyoanzisha uumbaji. Amri ya kutembea na kutazama ni amri ya utafiti. Atakayetazama akakuta viumbe vimekuja hatua kwa hatua, amekuta namna Muumba alivyoumba. Hajamkuta Muumba hayupo.

Kuhusu Nabii Adam (a.s.) mambo ni tofauti, kwa sababu huko nassi imezungumza. Aliumbwa kwa udongo, na katika Suratul Imran uumbwaji wa Nabii Isa (a.s.) unafananishwa na wake. Ulinganisho huo nimeutafakari muda mrefu. Tumchukulie tabibu wa leo apewe tone la damu ya Nabii Isa (a.s.) bila kuambiwa ni ya nani. Ataandika bila kusita kuwa mwenye damu hii ni mwanadamu, na mwanadamu ana baba. Kwa kanuni za fani yake hajakosea, kwa sababu fani yake inapima yale yanayojirudia, na muujiza haujirudii. Sisi tunajua kwa wahyi kuwa hakuwa na baba. Tabibu hana kifaa cha kulipima hilo. Ndivyo ninavyomwamini Adam: aliumbwa kwa uwezo wa Allah bila baba wala mama, na maabara haina cha kunionesha kwamba hilo halikutokea, wala mimi sina haja ya kuiomba maabara inithibitishie.

Sikuanza mimi kulitenganisha hivi. Sheikh Husayn al-Jisr wa Tripoli ya Lebanon, mwishoni mwa karne ya 19, aliandika kitabu alichokiita kwa jina la Sultan Abdulhamid. Aliona kuwa ushahidi wa Darwin wa wakati ule ulikuwa wa dhana tu na haulazimishi kuiacha dhahiri ya aya, lakini akakiri kuwa kama ungekuwa wa yakini basi zipo kanuni za kufasiri. Sheikh Nuh Keller mwaka 1995 alijibu kuwa kuamini mageuko ya wasiokuwa binadamu, kwa kuamini kuwa Allah ndiye muumba, si ukafiri, ila kudai binadamu ametokana na asiyekuwa binadamu kunapingana na Qur'an. Profesa Nidhal Guessoum wa Algeria, mtaalamu wa fizikia ya anga aliyefundisha Sharjah, amekwenda mbele zaidi na kukubali hata mageuko ya mwili wa binadamu. Huko mimi simfuati. Wala simkufurishi, na ninawaomba wanaokimbilia neno hilo wasome kwanza.

Nawaonya pia wale wanaopenda kinyume chake, kusema kuwa Waislamu ndio waliogundua mageuko kabla ya Darwin. Al-Jahiz wa Basra aliandika mengi ya ajabu kuhusu wanyama wanaowindana, na Ibn Khaldun alieleza ngazi za maumbile kutoka madini hadi mimea, wanyama mpaka mtu. Ni elimu kubwa kwa zama zao, ila si nadharia hii. Kumnyang'anya Mwingereza kitabu chake na huku unakilaani, hiyo ni kazi ya ajabu.

Upande wa pili wa kesi nao uko wazi. Wapo wanasayansi wanaotoka na darubini mkononi wakitangaza kuwa hakuna Mungu. Richard Dawkins wa Oxford amejaza vitabu kwa kauli za namna hiyo. Hapo ndipo kijana wetu afundishwe kuuliza: hili umelipima kwa kipimo gani? Darwin mwenyewe katika barua ya mwaka 1879 alikana kuwa aliwahi kuwa mkana Mungu, akajieleza kuwa hajui. Francis Collins, aliyeongoza mradi wa kusoma vinasaba vya binadamu, anaikubali nadharia ya mageuko na ni Mkristo mwenye imani yake. Nadharia peke yake basi haimtoi mtu kwenye imani. Anayemtoa ni falsafa iliyopandishwa mgongoni mwake.

Na sisi Waafrika tuna sababu yetu ya kuitazama falsafa hiyo kwa jicho la pembeni. Ota Benga, Mbuti wa Kongo, alipelekwa Marekani kuoneshwa kwenye maonesho ya St. Louis mwaka 1904. Septemba 1906 akawekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na orangutani, watu wakija kumtazama kama pingili iliyopotea kati ya mnyama na mtu. Wachungaji weusi wa mji ule ndio waliopiga kelele mpaka akatolewa. Mwaka 1916 alijipiga risasi. Ndugu msomaji, mtu akikuambia kuwa babu yako alidharauliwa kwa jina la sayansi, hatii chumvi. Lakini haki ituongoze hapa pia: biashara ya watumwa ilikuwepo kabla Darwin hajazaliwa na ilihalalishwa kwa laana ya Ham, na katika vitabu vya Kiarabu yamo maneno mabaya kuhusu Zinj ambayo sote tunayaonea haya. Sayansi ya leo ya vinasaba inasema wanadamu wote ni ukoo mmoja wenye asili Afrika. Walioutaka ubaguzi waliutafutia kila kitabu kilichokuwa karibu.

Mpwa wangu nilimwambia haya kwa siku tatu, baada ya Isha, siyo kwa mpangilio huu. Sehemu nyingine nilimwambia sijui, na niliona uso wake ukikunjuka kila nilipolisema neno hilo. Siku ya tatu akaniuliza kama Habil na Qabil walioa dada zao, tukalala saa sita.

Darsa ya vijana sasa naitoa pamoja na binti mmoja wa mtaani anayesomea udaktari. Yeye anaeleza vimelea na jeni, mimi naeleza aya, na tumekubaliana kuwa kila mmoja anaweza kumkatiza mwenzake. Wazee wawili wa kamati ya msikiti hawajapendezwa na utaratibu huu na wamenitaka nikafike mbele yao Jumamosi. Nitakwenda na ile karatasi yenye picha ya mdudu, ninayo bado.

Yule kijana wa mwaka 2010 yuko hai, ana kazi nzuri na watoto wawili. Humpigia simu kila Idd na hupokea. Mwaka jana nilimwomba radhi kwa mara ya kwanza, nikamtajia Piltdown, chambo na yote. Alinyamaza kidogo, akaniuliza afya ya mama watoto. Kisha akasema mwanawe mkubwa ameanza kuuliza maswali, na kama ile darsa bado ipo, ni saa ngapi.

Wallahu a'alam.